Adhana Ndani ya Simu

Nikiikumbuka miaka ile, sauti hutangulia. Picha hufuata baadaye, tena kwa uvivu. Nasikia cherehani yangu barazani, nasikia mafuta ya vitumbua yakichemka nyumba ya pili, halafu nasikia sauti ya baba ikitoka kwenye kipaza sauti cha msikiti na kuujaza mtaa wetu wa Temeke, hata kuku wakawa kama wanatembea polepole. Inawezekana kuku hawakuwa wakitembea polepole. Mimi ndivyo ninavyowaona, na sitaki kubishana na mtu juu ya kuku wangu.

Baba alikuwa muadhini. Alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, na baada ya hapo kazi yake ikawa kuita watu kwenye swala, katika msikiti mdogo uliokuwa nyuma ya nyumba zetu. Mama alikwisha kutangulia mbele ya haki. Nyumbani tulibaki wawili: yeye, na mimi mwanamke niliyeachika, fundi wa nguo, mwenye ulimi ambao baba alisema nimeurithi upande wa mama. Kwa maelezo yake, kila kibaya nilicho nacho kilitoka upande huo.

Alikuwa na pumzi ya ajabu. Pale adhana inapowaita watu waje kuswali, aliuvuta mwito ule kwa pumzi moja, ukipanda, ukizunguka, ukishuka taratibu, na mimi niliyeshika sindano nikajikuta nimeisimamisha hewani. Siku za mgao wa umeme kipaza sauti kilikuwa bubu, naye aliita kwa koo tupu akasikika hadi bombani. Nilikuwa nikijivunia jambo hilo kimyakimya, maana kumsifu baba usoni kwake ilikuwa sawa na kumwongezea mgeni sukari ambayo hakuiomba.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Makubazi yakakataa kuingia. Akawa analala amekaa, ameegemea ukuta, na asubuhi ananiambia alikuwa akifanya uradi. Tulipomfikisha hospitali ya mjini alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Daktari alituambia moyo umepanuka na umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, kwa hiyo maji yanabaki mwilini: yanaanzia miguuni, yanapanda, na yakifika mapafuni mtu anazama akiwa kitandani kwake. Alipewa dawa, na mojawapo ilikuwa ya kuyatoa maji yale kwa njia ya haja ndogo.

Siku ya kuruhusiwa, daktari alisema maji hurudi kwa siri na mizani huyaona kabla ya macho. Baba apimwe uzito kila asubuhi, na ukipanda wajulishwe kabla hajaanza kuhema. Sasa nani angempeleka mjini kila asubuhi? Sista mmoja wa kliniki, mwanamke mwenye lafudhi ya bara na sauti ya chini, akaniuliza kama mtaani kwetu kuna simu. Kama ipo, alisema, mpimeni hukohuko, mnipigie hapa kliniki kabla wagonjwa hawajajaa, nami nitamwambia daktari. Sikuwa nimesikia jambo kama hilo: mgonjwa awe Temeke na anayemwangalia awe mjini. Nilidhani anatuondoa kwa adabu.

Simu ilikuwapo, kwa jirani yetu mmoja mfanyabiashara. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa nchini, watu wakawa wanakwenda Dubai na kurudi na mabegi yaliyovimba, naye alikuwa mmoja wao. Sebuleni kwake palikuwa na televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, mapazia mazito yaliyofanya mchana uonekane jioni, mizani ya kupimia watu aliyojinunulia akaichukia baada ya kuipanda, na simu ya mezani yenye kufuli. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la khanga. Nilipomweleza shida yangu aliufungua palepale.

"Mwambie mzee aje kila siku," alisema. "Na hiyo mizani ipate wa kumsema, maana mie imenitukana vya kutosha."

Asubuhi ya kwanza baba alivaa kanzu, juu yake akavaa koti, kichwani kofia ya kiua, akajipaka na marashi. Nilimuuliza anakwenda harusi ya nani.

"Nakwenda kuongea na hospitali," akasema. "Mtu haongei na ofisi ya watu kavaa msuli."

"Baba, hawakuoni."

"Mie najiona."

Basi akapanda mizani na koti lake, na mifukoni mwa koti mlikuwa na funguo, tasbihi, tochi, kikopo cha peremende na sijui nini kingine. Jirani alishika kiuno, akamuuliza kama tunapima mtu au tunapima duka. Baba hakukubali kuvua nguo nyumbani kwa mwanamke asiye wake, akavua makubazi tu, na hapo alijiona ametusaidia sana. Nilipomweleza sista kwenye simu alicheka. Alisema haidhuru, mradi kila siku avae vilevile. Akibadilisha nguo hesabu itadanganya.

Kisha baba akashika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za leo?"

"Nzuri."

"Kifua je?"

"Salama, alhamdulillahi."

"Na miguu?"

"Nayo haijambo, inakusalimu."

Ikawa ndiyo desturi. Kwetu anayeulizwa habari hujibu nzuri kwanza, hata nyumba ikiwa inaungua. Moto utatajwa baadaye, baada ya kuulizana watoto. Sista aliniambia siku moja, "Dada, baba yako hata nikimkuta kaburini ataniambia hajambo." Akajaribu kumzunguka. Akamuuliza jana alilalia mito mingapi, akamuuliza njiani kwenda msikitini alipumzika wapi, akamuuliza makubazi yanaingia au yanabishana. Baba aliyachukulia yote kuwa salamu za watu wa bara, ambao alijua wana salamu ndefu, akazijibu moja moja kwa heshima.

Yale yalikuwa majuma matamu. Sijui kwa nini nayaona yote yana rangi ya mapazia yale, rangi ya asali. Baba amekaa kwenye kochi ambalo nailoni yake ya dukani haijatolewa, mkono wa simu sikioni, macho ameyafumba ili asikie vizuri. Sauti ya sista ilikuwa inatoka kama iko chini ya maji. Mara nyingine laini ziliingiliana, tukawasikia kwa mbali watu tusiowajua wakigombana juu ya mifuko ya saruji, na baba akawatolea salamu nao wakaitikia. Jirani alileta chai. Uzito ulikuwa uleule kila siku, sista alifurahi, mimi nilifurahi, na baba alianza kumwita sista "binti yangu wa kwenye simu" hadi nikaona wivu. Sista nilimwona wa ajabu, mtu anayeweza kumtunza mwenzake kwa kumsikiliza tu.

Siku moja baba akaenda bila koti. Alisema joto. Siku nyingine kofia ikabaki nyumbani. Nilifurahi, nikajisemea amezoea sasa, ameacha kuogopa simu. Kisha kanzu nayo ikaachwa, akaja na shati na msuli wake wa nyumbani, na jirani akamtania kwamba sasa amekuwa mwenyeji kabisa. Nani angefikiria vingine? Kanuni ya nguo zilezile tuliisahau sote tulipoona furaha ile. Mizani ikaendelea kusema vilevile, nami nikaendelea kumsomea sista namba ileile nzuri.

Mchana mmoja nilikuwa nashona gauni la bibi harusi. Adhana ya adhuhuri ikaanza. Ilipofika pale pa kuwaita watu, mwito ukapanda, ukafika kileleni, ukakatika. Nikasikia pumzi ikivutwa kwenye kipaza sauti, fupi, kavu. Mwito ukaendelea, ukakatika tena. Nilijaribu kujiambia ni kipaza sauti. Kitambaa kiliteleza chini ya sindano na mshono ukaenda upogo.

Nikaingia chumbani kwake bila kujua ninatafuta nini. Koti lilikuwa linaning'inia kwenye msumari. Nilipolishika likanielemea mkono kwa uzito wa vile vikorokoro vyake, na hapo hapo nikaelewa. Maji yalikuwa yanaingia na nguo zilikuwa zinatoka. Kila mwili ulipozidi, yeye alipunguza kitu, na mizani ikabaki kimya. Bahasha ya ile dawa ya maji ilikuwa chini ya mto, imejaa karibu kama siku tulipoitoa hospitalini. Nilihisi hasira ambayo hadi leo nikiitafuta naikuta ipo. Baba yangu alikuwa anajiua kwa adabu kubwa, huku akiisalimia hospitali kila asubuhi.

Nikakimbilia kwa jirani. Alifungua kufuli bila kuniuliza. Sista alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kupumua kwake kukoje sasa hivi?"

"Yupo msikitini. Ukimuuliza atakwambia nzuri. Ila adhana inakatika."

"Inakatikaje?"

"Siwezi kukueleza, sista. Mpaka uisikie."

Nikasikia kule kwake kiti kikiburutwa na mtoto wa mtu akilia. "Ataita tena saa ngapi?"

"Alasiri."

"Basi nipigie wakati huo, uninyooshee simu nisikie."

Baba hakurudi nyumbani mchana ule. Nilituma salamu, akajibu kwamba anapumzika msikitini, chini ya feni. Nikaogopa kumfuata, kwa kuwa nilijua tukibishana mbele ya watu atajikaza kisabuni na hatakwenda popote. Alasiri ilipokaribia, mimi na jirani tuliyafungua mapazia, mwanga ukaingia sebuleni kama mgeni asiyebisha hodi. Waya wa simu ulikuwa mfupi. Tuliisogeza meza, tukauvuta waya mpaka ukakaza, nikautoa mkono wa simu nje ya dirisha na kuuelekeza upande wa msikiti. Jirani alinishika kiwiko.

Sauti ya baba ikaja. Ikapita juu ya mabati, ikapita juu ya kamba za nguo, ikaingia katika vile vitundu vidogo nilivyovishika. Niliwaza inasafiri ndani ya waya, inapita barabarani chini ya magari, inafika mjini kwenye sikio la mwanamke wa Kikristo aliyekaa kwenye chumba chenye harufu ya dawa. Hajui neno hata moja. Ilipofika pale pa kuwaita watu, sauti ikakatika, ikavuta pumzi, ikakatika, ikavuta. Watu walikuwa wanapita chini ya dirisha na kunitazama. Nililia bila kufuta machozi, maana mkono mmoja ulikuwa na simu na mwingine ulikuwa umeshika nondo za dirisha.

Nilipourudisha mkono wa simu sikioni, nilimsikia sista akivuta karatasi. Kisha akasema, "Mlete leo. Asisubiri kesho, dada. Huyo hamalizi neno."

Swala ilipokwisha nilimngoja baba mlangoni mwa msikiti. Nilimwambia kuna simu yake. Sikusema zaidi, na yeye, kwa jinsi alivyoipenda ile simu, alinifuata. Hatua zilikuwa chache lakini alisimama njiani, akajifanya anamwangalia fundi baiskeli. Alipofika akakaa kwenye kochi, akashika mkono wa simu kwa mikono miwili. Jirani aliweka kidole kwenye midomo yake kuniambia ninyamaze. Sauti ya sista tuliisikia sote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri."

"Baba, nimekusikia."

"Umenisikia wapi?"

"Ukiadhini. Binti yako amenisikilizisha kwenye simu. Nimekusikia mwanzo mpaka mwisho."

Baba akafumbua macho. Alinitazama, akalitazama dirisha lililokuwa wazi, akautazama ule waya uliokazwa. Nilingoja anigombeze. Midomo yake ilicheza, akawa kama anatafuta salamu nyingine ya kumpa yule binti na haipati. Feni ya jirani ikawa inazunguka juu yetu.

"Naumwa, mwanangu," akasema kwenye simu. "Naumwa sana."

Gari la jirani ndilo lililotupeleka. Wodini walimtoa maji kwa sindano, na kulipopambazuka miguu ilikuwa imesinyaa kidogo, uso umemrudia. Sista alikuja kabla hajaanza zamu, mwanamke mfupi kuliko sauti yake. Alimwamkia, akasimama tu pembeni ya kitanda ameshika reli yake. Baba alimwomba radhi kwa habari ya koti. Kisha akatueleza, mimi nikiwa upande huu na yeye upande ule, kwa nini aliiacha dawa. Ilikuwa inamkimbiza chooni bila taarifa. Udhu haukai. Anatawadha, anapanda kuadhini, na kabla hajamaliza tayari umevunjika. Siku moja alilowa akiwa ameshika kipaza sauti, akaadhini mpaka mwisho na nguo imemganda mguuni.

"Mie kufa sikuogopa," alisema. "Niliogopa kuwaita watu kwenye nyumba ya Mungu nikiwa vile."

Imamu alipokuja kumjulia hali alimkumbusha kwamba adhana ni sahihi hata bila udhu, na mgonjwa ana ruhusa zake. Baba alimsikiliza, akamjibu kwa upole kwamba ruhusa hizo anazijua, amewaeleza wagonjwa wengi. Yeye mwenyewe hawezi. Daktari naye alisema lake: bila dawa ile, safari nyingine hatutamwahi. Kwa hiyo kimoja kati ya viwili, dawa au adhana, kingeondoka, na baba hakutuambia kipi. Nilimuuliza ndani ya gari tukirudi nyumbani, akatazama nje. Nilimuuliza tena wakati wa chakula, akasifia mchuzi.

Tulirudi jioni, na mtaa mzima ukajua amerudi, maana kwetu habari hazihitaji simu. Nilipolala nilijiambia nitaijua kauli yake alfajiri. Ikitoka sauti yake kwenye kipaza sauti, basi dawa ameiacha, na sitakuwa na baba kwa muda mrefu. Nililala nikiomba nisiisikie sauti niliyoipenda kuliko zote. Sikuwahi kuomba dua ngumu namna hiyo, na niliiomba nikimwonea haya Mungu.

Alfajiri adhana ikaanza. Ilikuwa sauti ya mtu mwingine. Nyembamba, ya kijana, yenye haraka, haikukatika popote.

Nikatoka nje na khanga ya kulalia. Baba alikuwa amekaa barazani gizani, karibu na cherehani yangu, mikono magotini, midomo yake inafuatisha maneno. Nilikaa chini karibu naye. Ilipofika pale pa kuwaita watu aliinua kidevu kidogo, kama anamsaidia yule kijana kupanda, kisha akakishusha.

Mwanga ulikuwa haujakamilika tulipoanza kuwaona watu. Walikuja kutoka vichochoroni, wanawake wamejifunika khanga kichwani, wanaume wametoka kuswali na kofia zao. Walitembea kimya, mwendo wa msibani. Jirani wa simu alikuwa mbele, analia kabisa. Mama wa vitumbua alibeba mkeka. Walikuwa wamesikia sauti ya mtu mwingine, nao wanajua muadhini amerudi jana kutoka hospitali, wakaelewa walivyoelewa. Walipofika karibu wakamwona amekaa, wakasimama.

"Mmekuja kunizika?" baba akauliza.

Mtu mmoja akacheka, kicheko kikamfia mdomoni. Mama wa vitumbua akasema, "Tumesikia si wewe, baba. Tukasema basi." Akashindwa kuendelea, akakaa juu ya mkeka aliouleta kwa ajili ya matanga. Wengine wakakaa. Walikuwepo na wasioswali, walikuwepo na Wakristo wa nyumba ya kona. Baba aliwatazama mmoja mmoja, na nikayaona machozi yake kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama. Alisema hakujua kama wote hawa wanamsikiliza.

Kisha akaninyooshea kiganja.

"Mwanangu, niletee ile dawa."

Nikaileta pamoja na maji. Aliiweka mdomoni mbele yao wote, akanywa, akafungua kinywa nione.